Masaa Kumi na Moja Tu

Kaka yangu anaishi Ulaya, na ni bingwa wa kupima umbali. Kila akipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, hutupa taarifa: kati ya uwanja wake wa ndege na ule wa Dar es Salaam kuna kilomita elfu saba na ushei. Simu yake ndiyo imemwambia. Kitu pekee ambacho simu hiyo haijamwambia ni aje nyumbani.

Sisi tunakaa Ruhuwiko, jirani na uwanja wa ndege wa Songea, ndege zinapita juu ya bati letu zikienda kutua. Zinaleta maofisa, wafanyabiashara na wageni wa harusi. Yeye hazijamleta kwa miaka mingi. Baba alipofariki, alituma ujumbe wa sauti wenye kwikwi zilizopangika vizuri sana. Wanawake wa jumuiya ya kanisani wakaanza kunong'ona pale msibani, mama akawakata: "Mwanangu yuko mbali. Mlitaka aje kwa miguu?" Neno hilo, mbali, aliliegemea kama mkongojo.

Mwezi uliopita mama aliumwa kifua. Kaka akapiga, nikaweka sauti ya juu ili mama asikie huku akichambua maharage.

"Mama, usiwe na hofu kabisa," alisema msomi wetu. "Ukizidiwa nitafika. Ndege ni masaa kumi na moja tu."

Mama akaacha kuchambua. Kaka alipokuwa chuo Dar, mama alikuwa anapanda basi hapa Songea kabla hakujapambazuka na kushuka kule usiku, miguu imevimba, na unga na dagaa wa Nyasa kwenye mfuko. Kila muhula alikwenda. Shule hakusoma sana, ila urefu wa safari ile anaujua kwa magoti yake.

"Kumi na moja?" akauliza. "Kutoka huko kwako mpaka Dar?"

"Ndiyo, mama! Unalala, unaamka, umefika."

"Basi langu lilikuwa linachukua zaidi."

"Umeona sasa? Ndiyo maendeleo hayo!" Akacheka. Mtu mwenye digrii mbili, akacheka. Nilitamani kumkatia simu.

"Kumbe ni karibu, baba," mama akasema.

"Karibu sana, mama!"

Mama akamuaga kwa upole, akamwombea baraka, akarudi kwenye maharage yake. Nikaanza kumsema kaka, mama akaniambia nikateke maji.

Jumapili, tulipotoka misani, mmoja wa wanawake wale wale wa jumuiya alimshika mama mkono. "Na yule wetu wa mbali, atakuja lini kutuona?"

Nikasubiri jibu nililolizoea.

"Hayuko mbali," mama akasema. "Hajapenda kuja."