Matanga ya Uchovu

Scolastika, au Mama Ngassa kama watu walivyomwita, alikuwa opereta wa simu wa posta katika mji mmoja mdogo upande wa Kahama, miaka ile ya sabini. Simu zenyewe zilikuwa chache: bomani, polisi, misheni, hospitali na maduka ya Wahindi. Ukitaka kuongea na Mwanza, ulipitia kwake. Alichomeka waya huku, akachomoa kule, na habari za mji zikapita kichwani mwake kama ng'ombe waendao kunywa maji. Kiapo alikuwa amekula: kilichosikika kazini kinabaki kazini.

Sasa sikilizeni ubaya wa kazi hiyo. Habari za misiba nazo zilipitia kwake. Aliandika ujumbe, tarishi akapanda baiskeli kuupeleka, na kabla hajafika, Scolastika angeweza kumkuta mfiwa sokoni, anachagua dagaa na kucheka. Afanyeje, maskini? Alimsalimia kwa upole kidogo, akapita.

Watu wakautambua upole ule haraka. "Mama Ngassa kaniuliza habari za watoto mara mbili!" mtu anasema, anatua kikapu, anaanza kupiga mayowe.

Tangu hapo uso wake ukawa si mali yake. Akinuna, mji unashika kichwa. Mzee Mansukhlal wa duka la vitambaa, ambaye mdogo wake Dilip alikuwa mgonjwa Mwanza, alimsubiri kila asubuhi barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Ngassa. Cheka kidogo."

"Leo sina cha kuchekea, mzee wangu."

"Cheka tu, mama. Mimi nipate kufungua duka."

Anamwonyesha meno yote mpaka magego. Mansukhlal anashusha pumzi, anafungua mlango.

Ukicheka hivyo kila siku, mashavu yanachoka, halafu uchovu unapanda juu. Usingizi ukamkimbia. Mwanawe akimwita, anajibu, "Subiri, laini ina mtu." Siku moja mama mkwe alibisha hodi, akaulizwa, "Nambari gani, tafadhali?" Yule bibi alirudi kwake bila hata kunywa maji.

Scolastika akaogopa. Akaenda kwa mkuu wake, Bwana Donatus, kuomba mapumziko.

"Una homa?"

"Sina."

"Umefiwa?"

"Sijafiwa. Nimechoka kichwa, bwana mkubwa. Nikiendelea hivi, iko siku nitang'oa zile waya zote nikimbie nazo porini."

Donatus alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. "Mama, ruhusa ni ya homa au ya msiba. Ya kichwa kuchoka bado haijaletwa."

Scolastika akatoka hapo moja kwa moja hadi sokoni, kwa Mbuke muuza nyanya. Mbuke akamwambia zimebaki zilizopondeka tu. Basi. Machozi yakamtoka. Akaketi juu ya kreti akalia, mabega yanatikisika.

Soko zima likalipuka! Mbuke alilia mjomba wake aliyelazwa Shinyanga. Mansukhlal aliegemea mlango wa duka akimwita Dilip. Kila mtu akachagua wa kwake wa kumlilia. "Hakuna aliyekufa!" Scolastika alisema kwa kwikwi, lakini nani amwamini mtu mwenye kiapo? Mwishowe wakaamua aliyefiwa ni yeye mwenyewe. Wakamshika mikono wakampeleka kwake, na nyuma yao zikafuata kuni, unga, masufuria na mikeka.

Walipokwisha kuketi, Mbuke akasema, "Mama Ngassa, tutajie basi, tumlie kwa jina."

"Wa kufa nilikuwa mimi, Mbuke. Nimechoka. Naogopa nitapata wazimu, na Bwana Donatus kasema ruhusa ni mpaka homa au msiba."

"Mayu wane, mama yangu!" Mbuke akashika kiuno. "Nimeacha nyanya zangu juani, sauti imenikauka, na maiti hakuna?"

Kuna aliyecheka kidogo, na wa pili, kisha uwanja mzima ukacheka, Scolastika akiwa ndani yake, na safari hii meno yalitoka bila kuombwa. Lakini Mbuke alikuwa anamtazama macho yale mekundu, na hakucheka sana.

"Kuni zimeshawaka," alisema. "Mimi mkeka wangu siukunji. Mfiwa hapiki, hachoti maji, haendi kazini. Ingia ndani ulale."

Donatus alipofika, kofia mkononi, sura ameshaitengeneza ya msiba, aliuliza kwa sauti ya chini, "Poleni. Maiti yuko wapi?"

"Chumbani," Mbuke akajibu. "Anakoroma. Usimwamshe."

Donatus akatega sikio. Kweli, alikoroma.

"Si ulisema mpaka msiba, bwana mkubwa? Haya, vua viatu uketi."

Akatazama kuni, akatazama wanawake wote wale, akaona hapa hakuna pa kutokea. Ruhusa ikapatikana, na kwenye simu akaketi yeye mwenyewe. Mansukhlal alileta sukari ya chai ya matanga, lakini hakuondoka.

"Sasa asubuhi mimi nitajuaje habari za Dilip?"

"Simu unayo dukani, mzee. Muulize mwenyewe."

"Naogopa kuuliza."

"Na yeye alikuwa anaogopa," Mbuke akamwambia, akimwelekeza chumbani kwa kidevu. Kesho yake Mansukhlal alipiga simu mwenyewe, na Dilip akamgombeza kwa kukaa kimya muda wote ule.

Scolastika alilala siku za matanga karibu zote. Alipotoka nje, uso umevimba kwa usingizi, alipewa uji, akaonja.

"Chumvi nyingi," alisema, akanuna kwelikweli.

Hakuna aliyelia. Mbuke alisogea tu kwenye mkeka, akampa nafasi.