Bomba la Gaudensi Halikuwa na Kosa

Haikuwa usiku, wala hapakuwa na uchawi. Ilikuwa saa mbili asubuhi, jua limetoka, na kilichotolewa nyuma ya jiko la Gaudensi Hoteli kilikuwa mafuta ya kupikia yaliyoganda. Wanaosimulia mpaka Laela kwamba Mwalimu Albina alifukua maiti hawakuwepo. Rozina, jirani, alikuwepo, lakini alichungulia nusu tu juu ya uzio, kisha akakimbia. Na wanaosema bomba la marehemu lilikuwa bovu, hao ndio waliokosea kuliko wote, na kwa ajili yao habari hii inasimuliwa yote.

Marehemu Gaudensi, mume wa Albina, aliijenga hoteli ile hapo Sumbawanga kwa mikono yake. Nyuma ya jiko akajenga chemba ya mafuta, kabla mtu yeyote wa afya hajaidai. Ni sanduku la zege lenye mfuniko. Maji ya kuoshea vyombo huingia humo yakatulia, mafuta yakaelea juu, maji yakapita chini na kwenda zake kwenye shimo la maji machafu, kwa bomba alilolitandika mwenyewe, akipima mteremko kwa kamba na chupa ya maji. Kila wiki mbili mafuta huondolewa na kitabu huandikwa: tarehe, nani kasafisha, mafuta yamepelekwa wapi. Gaudensi alipofariki, Albina, mwalimu mstaafu wa sayansi, alikichukua kitabu kile na kuendelea nacho kwa mwandiko wake wa ubaoni. Miaka sita, hakuna mstari uliofutwa.

Mwezi wa saba Ufipa huwa na baridi ya kung'ata. Mafuta ya kwenye chemba huwa magumu kama sabuni ya mche, na Maganga, Msukuma anayefanya kazi hiyo, huyakata kwa panga akayainua vipande vipande kama anayegawa keki ya harusi. Safari hii Maganga alikuwa amekwenda kijiji cha Msanzi, kwenye harusi hasa, ya mdogo wake. Ndipo taarifa ikaja: bwana afya anakagua kesho, na asiyefaulu anafungiwa jiko.

"Mama, tumsubiri Maganga," alisema Zita, mkwe wa Albina, ambaye ndiye mpishi mkuu. "Kesho asubuhi anafika."

"Zita, mafuta yakipata joto yanafanya nini?"

"Yanayeyuka, Mama."

"Basi. Chemsha maji."

Yalichemshwa masufuria manne, yale makubwa ya sherehe. Mwalimu alimwaga mwenyewe, kitenge kimekazwa kiunoni, miwani imejaa mvuke. Mafuta yote yakayeyuka, yakateremka bombani, chemba ikabaki inang'aa. Alifurahi hata akacheza hatua mbili za kwaya, na Zita akampigia vigelegele.

Asubuhi bwana afya akaingia. Alikuwa Loth, ambaye Mwalimu alimfundisha tangu anavaa kaptula.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Viatu vina tope."

Loth akavipangusa. Akafunua chemba, akaguna kwa furaha. "Humu mtu anaweza kulia ugali! Dada Zita, fungua bomba la sinki tuone maji yanavyokwenda."

Maji yalikwenda kidogo, yakasita, yakakoroma, yakarudi. Chemba ikajaa na kumwagika juu ya vile viatu vilivyopanguswa.

Maganga akatokea getini wakati huohuo, bado yumo ndani ya koti la harusi. Alitazama mara moja tu. "Nani kamwaga maji ya moto huku? Mafuta yameganda bombani!"

"Maganga, fanya kazi," alisema Mwalimu.

Akavua koti, akachukua fito ndefu, akasukuma kutoka kwenye chemba. Upande wa chini, kwenye mdomo wa bomba, kitu kikaanza kuchomoza: cheupe, laini, cha mviringo, kirefu.

"Kinakuja!" alipiga kelele Zita, akakikumbatia.

Kilipotoka chote kilimzidi Maganga urefu. "Wewe shika miguu, mimi kichwa!" alisema Maganga, na hapo ndipo kichwa cha Rozina kilipotokea juu ya uzio.

"Yesu na Maria, wanatoa mtu!" Akatupa ndoo, akaondoka mbio. Zita alicheka mpaka akaangusha miguu. Mwalimu alijikaza, akajikaza, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kucheka mpaka miwani ikamdondoka.

Loth akafuta machozi, akatoa fomu. "Mwalimu, natakiwa kujaza sababu ya kuziba. Nikiandika bomba limechakaa, mtapewa muda wa kubadilisha na jiko halifungwi. Yamekwisha."

Kicheko kilikatika. "Bomba la nani limechakaa?"

"Ni la kuandika tu, Mwalimu."

"Mimina maji."

Walimimina ndoo tatu. Maji yalipita kama yanakimbizwa.

"Basi andika maji ya moto. Na jina la aliyemwaga."

"Andika langu, Mama," alinong'ona Zita.

"Wewe ulichemsha, hukumwaga. Loth, nani alikufundisha kuyeyuka na kuganda?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Andika kwamba alisahau nusu ya somo."

Loth aliandika huku ameuma midomo. Jiko lilifungwa siku moja, likakaguliwa tena, likafaulu. Kwenye kitabu upo mstari, kwa mwandiko wa ubaoni: *Kosa: Mwl. Albina. Bomba zima.*

Jumapili baada ya misa, akina mama wa kwaya walimzunguka. Ni kweli alicheza? Ni kweli alilia? Loth alimwambia nini alipotoa fomu?

Mwalimu Albina alivaa miwani yake vizuri.

"Kitabu kipo jikoni, nendeni mkasome. Zaidi ya hapo sisemi."