Fundi anayewajengea kivuli waendesha baiskeli wa safari ndefu

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Lydiah Wanza amepiga magoti kando ya barabara ya Kangundo, mbele kidogo ya Njiru, spana mkononi. Kila gari kubwa linapopunguza mwendo, anainua kichwa.

Anahofia tingatinga. Jumapili iliyopita watu wawili walikuja na kopo la rangi, wakachora alama ya X nyekundu kwenye nguzo ya kituo chake cha mapumziko. Karatasi waliyobandika ilisema barabara inapanuliwa, na kila kilicho kandokando yake kiondolewe kwa siku saba.

"Tangu siku hiyo chakula hakishuki," anasema bila kuacha kazi. "Nikisikia injini ya dizeli, moyo unaruka."

Kituo chenyewe ni paa la bati, benchi la watu wanane, tenki la maji, vyuma vya kuegeshea baiskeli na pampu ya upepo iliyofungwa kwa mnyororo. Kijana mwenye kofia ngumu ya baiskeli anaingia na kuanza kujaza chupa yake. Ni Nabiswa, mkazi wa mtaa wa Lucky Summer. Ametoka Tala, anajiandaa kwa safari ya baiskeli hadi Mombasa.

"Mathe, kwani wanabomoa kweli?"

"Kesho ndiyo siku ya saba."

"Na sisi tutapumzikia wapi?"

Wanza anafungua nati iliyo mbele yake. Anahamia kwenye nati nyingine.

Ana umri wa miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akichomelea milango na madirisha katika karakana ndogo Shauri Moyo. Anaishi Tassia na mdogo wake, Muoki, na Muoki ndiye sababu ya yeye kuanza kazi hii isiyo na mteja.

Muoki alikuwa akisafirisha viatu vya mitumba kwa baiskeli kutoka Gikomba hadi Tala. Siku moja ya Februari mwaka 2018, jua likiwa kali na hakuna hata mti, aliona trela limeegeshwa. Akajilaza chini yake, nyuma ya tairi, usingizi ukamchukua. Dereva alirudi, hakumwona, akaondoa gari.

Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

"Dereva alilia kuliko mimi," anasema Muoki, ambaye leo ameketi kwenye kiti cha plastiki, magongo yakiwa pembeni. "Hakuwa na kosa. Nilitafuta kivuli, na kivuli kilichokuwepo kilikuwa na magurudumu."

Wenzake wa baiskeli walipofika hospitalini kumjulia hali, Wanza aliwauliza wao hupumzikia wapi. Walimjibu: chini ya malori, ndani ya kalavati zinazopitisha maji chini ya barabara, au hotelini, ambako usiponunua kitu unafukuzwa.

Kituo cha kwanza alikijenga mwaka 2020, akakichomelea imara. Tingatinga lilikibomoa kwa dakika chache, na kabla hajafika, vyuma vilikuwa vimeshabebwa na wauza vyuma chakavu. "Nilikuta mashimo manne tu," anasema.

Ndiyo maana hiki cha sasa hakina hata sehemu moja iliyochomelewa pale barabarani. Kinashikiliwa na bolti sitini na nne, na chote kinaweza kufunguliwa.

Mengine aliyajua kwa kukosea. Tenki jeusi aliloliweka juu ya paa lilichemsha maji hadi watu wakayamwaga, akalishusha chini ya benchi, mahali penye kivuli. Maji ya mvua hutiririka kutoka kwenye bati, yakipita kwenye kokoto na mchanga kabla ya kuingia tenkini. Mbao za benchi zilitokana na makreti yaliyotupwa viwandani.

Benchi nalo lilikuwa likitazama barabara. Kwa wiki mbili hakuna aliyekaa, watu walisimama wameshika baiskeli zao.

"Nilimwambia dada, mtu wa baiskeli hapumziki akiwa ameipa baiskeli yake mgongo," Muoki anaeleza. Wanza aligeuza benchi. Siku hiyohiyo watu walikaa, na mmoja akakoroma.

Kituo kimoja humla wiki tatu ambazo angetengeneza milango. Waendesha baiskeli huchanga, lakini mchango wao haufiki nusu, na wateja wawili wa zamani wamemhama wakisema anapoteza muda.

Saa nne na nusu, pikapu inasimama. Anashuka mwanamume mwenye koti la kung'aa na futi ya kupimia. Wanza anasimama wima.

"Mama, hii ni yako?"

"Ni yangu. Naiondoa. Mmesema kesho."

"Mashine inafika leo mchana," anasema mtu yule kwa sauti ya chini. "Mimi nimetumwa kupima tu. Pole."

Wanza habishani. Anarudi kwenye nguzo, lakini spana inateleza mara mbili. Nabiswa anamtazama, kisha anavua glavu zake.

"Kuna spana nyingine?"

Waendesha baiskeli wengine wawili wanasimama kunywa maji na kuishia kushika bati. Muoki anahesabu bolti zikiingia kwenye debe. Saa saba, ya sitini na nne inaingia. Nusu saa baadaye tingatinga linafika na kukuta kokoto tu.

Wanza analitazama likichota kokoto zile, mkono mdomoni, mpaka linapomaliza.

Vyuma vinapakiwa kwenye pikapu ya kukodi. Vinapelekwa Kamulu, kilomita kadhaa mbele, kwa Abdiqadir, mziba pancha mwenye nafasi mbele ya duka lake. Wanza anampigia tena kuhakikisha.

"Leta tu, dada," Abdiqadir anasema simuni. "Lakini ploti ni ya familia. Kaka yangu yuko Garissa, bado hajasema ndiyo."

Mpango wa Wanza ni kukisimamisha Jumatatu, kisha kujenga vingine viwili kabla ya Tala, vyote kwenye ploti za watu, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Kwa sasa hana hata karatasi moja.

"Jumamosi ijayo watu arobaini wa baiskeli watapita hapa na kiu, hawajui tumehama," anasema.

Anaokota kipande cha bati, anaomba rangi kwenye duka la jirani, na kuandika kwa herufi kubwa: KIVULI KIKO KAMULU. Anakifunga kwenye ua wa duka hilo, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Muoki anakisoma, ameegemea magongo. "Na Garissa wakikataa?"

Wanza anapangusa brashi kwa kitambaa. Macho yake yako barabarani, kuelekea Kamulu.

"Basi nitarudi kubadilisha jina la mahali."