Sikukuu ya Wahindi Kule Kijijini

Siku moja kabla ya vita kutufikia, nilikuwa jikoni mwa kambi ya askari wa India wa kulinda amani, navingirisha unga wa dengu uliokaangwa kwa samli na sukari. Vidonge vyake huitwa laddu. Kazi yangu haikuwa upishi. Nilikuwa mfasiri wao, Kiingereza kwa Kiswahili, lakini kesho yake ilikuwa sikukuu yao, kijiji kizima kimealikwa, na mpishi alihitaji mikono.

Sasa naishi Johannesburg, chumba Jeppestown, kazi ya ulinzi Midrand. Kila Januari ishirini na sita naomba ruhusa kazini kwa sababu ya siku ile kwetu Kivu, Kongo.

Kapteni wao, mtu mpole mwenye kilemba, alinieleza historia mapema ili nisikwame mbele za watu. “Agosti kumi na tano tulipata uhuru,” alisema, “lakini tukaendelea kutumia sheria za mkoloni. Januari ishirini na sita katiba yetu wenyewe ilianza kazi.”

Nilimuuliza kwa nini tarehe hiyo. Akasema miaka ishirini kabla, Mwingereza akiwa bado anatawala, wazee wao waliapa siku hiyo kwamba hawatakubali uhuru nusu. Hawakutaka kiapo kile kisahaulike.

Asubuhi watu walikuja na nguo za Jumapili. Kaka yangu mkubwa, Safari, alipitia kambini akitoka shambani, panga mkononi. Mama alibaki nyumbani, mguu ulimsumbua. Bendera ilikuwa tayari juu ya mlingoti, imekunjwa. Kapteni akavuta kamba, ikafunguka, na maua ya njano yaliyofichwa ndani yakawaangukia watoto. Walicheka sana. Kapteni akaanza hotuba, nami nikawa natafsiri.

Risasi zilianzia kilimani.

“Waambie walale chini,” alisema Kapteni. Nikawaambia.

Waliobaki kijijini walikuja mbio. Amri ilikuwa geti lifunguliwe, ila mtu asiingie na silaha, hata panga la shamba. Nikatafsiri. Mapanga yakarundikwa nje. Safari alikwisha kuweka lake.

“Mama iko wapi?” aliniuliza.

Hakuna aliyemwona.

“Yaya, bakia,” nilimwambia kaka yangu. “Nitamwambia Kapteni atume gari.”

“Mama hawezi kungoja gari.”

Akatoka.

Sikumfuata. Nilijiambia kwamba pale getini mimi peke yangu ndiye niliyeelewana na pande zote mbili. Ilikuwa kweli. Tena niliogopa, na hiyo pia ilikuwa kweli.

Nilimwambia Kapteni. Hakuuliza maneno mengi. Aliniambia nimchoree nyumba yetu ilipo. Nikaichora kwa kidole kwenye vumbi. Gari la chuma likaondoka na askari wanne.

Lilirudi na Mama akiwa hai.

Safari alikuwa amembeba mgongoni hadi karibu na kanisa. Hapo ndipo alipopigwa risasi. Askari mmoja aliruka kutoka garini akamkimbilia Mama, akambeba, akapigwa risasi begani, lakini hakumwachia.

“Alinishusha polepole,” Mama aliniambia juu ya Safari. “Alinishusha kama mtoto. Kisha akalala.”

Tulikaa kambini siku tatu. Mara ya kwanza kula tulipewa laddu, maana ndizo zilizokuwa tayari. Mpishi aliinama mbele ya kila mtu, akitoa kwa mikono miwili, kama vile tungali wageni wa sikukuu. Mama alikula moja. Nilishukuru kumwona akitafuna.

Safari tulimzika siku ya nne. Kapteni alikuja, akavua viatu kando ya kaburi.

Askari yule aliyepigwa begani alikuwa amechukuliwa kwa helikopta mchana wa siku ileile ya risasi. Nilikuwa nimetafsiri maneno ya kila mtu tangu asubuhi, na sikukumbuka kumuuliza jina.

Mwaka huu nilikwenda na binti yangu Neema kwenye ukumbi ambako Wahindi wa hapa Johannesburg husherehekea. Neema amezaliwa huku. Kiswahili anasikia, ila hujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Watu walisimama kwa wimbo wa taifa lao, nasi tukasimama. Tulipotoka, alijitahidi kwa Kiswahili chake.

“Eish, Papa. Papa mukubwa alikufa siku hii. Sasa weye unawashukuru nini?”

Nilimwambia hakuna anayeweza kunirudishia Safari, wala sijawahi kuona kwamba uhai wa mmoja ulilipia wa mwingine. Lakini bibi yake aliishi miaka tisa zaidi. Alinifunga tai siku ya harusi yangu, akafa kitandani kwake, mkono wake mkononi mwangu.

Mtoto wake mmoja alimfikisha kanisani, mtoto wa mama mwingine akamfikisha kambini. Aliwaombea wote wawili kila usiku: Safari kwa jina lake, na yule mwingine kwa kusema tu, “Na yule, Mungu, unamjua.”