Yeye Kiti, Mimi Jiwe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo natokwa jasho hata katika baridi hii ya Ufipa. Ni siku niliyomwita mgeni wa watu "pia".

Usicheke bado. Wakati ule tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini, nami nilikuwa karani wa kijiji. Shule niliishia darasa la nne. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi niliyoinunua sokoni kwa muuza ugoro, naye alikwisha kuchana kurasa zote za herufi P kufungia ugoro wake. Kwa hiyo Kiingereza nilikijua kuanzia A hadi O, kisha kuanzia Q hadi mwisho. Nakiri, nilikuwa kijana wa wasiwasi. Nikikosea herufi moja daftarini nilichana ukurasa mzima, nikaanza upya. Nilitaka watu waamini kwamba hakuna neno linalonishinda, na lile pengo la P sikumwambia mtu, hata mama yangu mzazi.

Basi ikaja habari kwamba mwanasiasa mmoja kutoka Uingereza, mtu mkubwa huko kwao, anazunguka kuona vijiji vya ujamaa, na kwetu atafika. Katibu wa tawi alikuwa ndugu Ambakisye, kijana wa Mbeya, mkali lakini mchapakazi. Akaniita.

"Oresto, utatafsiri. Mgeni ataeleza maisha yake, halafu Mama Leokadia atasoma ombi la wanawake. Usiniangushe."

Ombi lenyewe lilikuwa mashine ya kusaga. Wanawake wetu walisaga ulezi kwa jiwe, wamepiga magoti tangu jogoo la kwanza. Mama Leokadia, mwenyekiti wao, alikuwa jirani yetu. Kanisani, wengine walipopiga magoti, yeye alibaki amesimama. Magoti ya kumpigia Mungu alikwisha kuyamaliza kwenye jiwe.

Mgeni akaja. Mkutano ukafanyika ndani ya ghala, maana nje upepo ulikuwa unachukua maneno. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya polepole, na mwanzoni nilimfuata vizuri. Kisha akasema kwamba baba yake alikuwa pia, na yeye ni pia, wa kurithi. Ndivyo nilivyosikia: pia. Nikalitafuta neno kichwani. Nikafika O, nikakuta pengo, nikatua kwenye Q.

"Baba yake alikuwa pia," nikatafsiri. "Na yeye pia."

"Pia nini?" akauliza mzee mmoja nyuma.

"Pia ya watoto, ile ya kuzungushwa!" akadakia mwenzake. "Humwoni alivyochongoka chini?"

Ghala zima likaangua kicheko. Mgeni naye akacheka, akidhani amechekesha. Mwanangu, hapo ndipo nilipopaswa kuinua mkono niseme: samahani, neno hili silijui. Maneno manne tu, nami sikuyasema. Ambakisye alikuwa ananikazia macho, jasho linanitoka, nikashika neno la karibu nikalitupa.

"Ni Mwene!" nikasema. "Mwene wa kuzaliwa!"

Mwene ndiye aliyekuwa mtawala wa Wafipa, na utawala wa machifu serikali ilikuwa imeufuta miaka michache tu nyuma. Wazee wakaacha kucheka. Wakachuchumaa mmoja mmoja, wakaanza kupiga makofi ya taratibu, kama walivyompigia Mwene enzi zao. Mmoja akataka kujua kama huko kwao watu wanamlimia shamba.

Ambakisye akaruka kutoka kitini. "Ndugu wananchi! Umwene umekwisha! Hapa hapigiwi mtu makofi ya kitwana! Mkutano umefungwa!"

Akamshika mgeni mkono, akampeleka kwenye gari, vumbi likapanda. Mama Leokadia akabaki amesimama mbele ya watu na karatasi yake mkononi, haijafunguliwa.

Mimi nilijificha nyuma ya magunia ya mahindi. Mama Leokadia hakupata tabu kunipata.

"Oresto."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lile neno ulilijua?"

"Hapana."

"Mbona hukuuliza?"

"Niliona haya, mama. Wangesema karani hajui."

 Hakupaza sauti, na heri angepaza.

"Hiyo haya yako," akasema, "imemsagia nani unga?"

 Nilianza kulia, mtu mzima mwenye ndevu. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mgeni anaondoka mjini kesho saa nne. Sisi tutatoka alfajiri."

"Na magoti yako, mama?"

"Magoti ni ya kusagia. Kutembea ni kwa miguu."

Alfajiri alikuja amefunga kitu kizito mgongoni kwa kanga, kama mtu aliyebeba mtoto. Nilipotaka kumpokea alikataa. "Mwache, amelala," akasema. Tukakata uwanda, umande umetulowesha hadi mapajani, matuta ya ulezi huku na huku. Njia nzima nilikuwa narudia yale maneno manne. Nilikwisha kuapa moyoni: hata wakinicheka mji mzima, leo nitayasema.

Tulimkuta mgeni nje ya nyumba ya wageni, anakunywa chai na Ambakisye. Katibu alipotuona chai nusura impalie.

"Nyie! Jana hamkutosheka?"

"Marahaba, ndugu Katibu," akajibu Mama Leokadia, ingawa hakuwa ameamkiwa. Ambakisye akashusha macho, akasema shikamoo.

Nikasogea. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kamusi iliyochanika: samahani, bwana, neno lile la jana silijui. Nilingoja ardhi ipasuke. Haikupasuka. Mgeni alivuta kiti, akaniambia niketi, akaanza kunieleza taratibu. Kwao kuna baraza kubwa lenye nyumba mbili. Katika nyumba moja, mtu hupata kiti kwa sababu baba yake alikuwa nacho. Huyo ndiye pia, neno la herufi P, ambalo wao huliandika "peer". Hakuna aliyempigia kura. Yeye mwenyewe alikipata kiti akiwa kijana, akakaa miaka bila kusema neno, kwa kuogopa kukosea mbele ya wajuzi. Kisha siku moja akasimama kuwatetea wachimba makaa wa kwao, ambao vumbi lilikuwa limewaziba vifua. Alikosea maneno, walimcheka, akaendelea. "Tangu siku hiyo nikajua," akasema, "kiti kina faida pale tu mwenyewe anaposimama."

Nilimkatiza mara tatu kuuliza maneno. Kila mara ulimi ulikuwa mwepesi zaidi.

Nilipomtafsiria Mama Leokadia, aliushusha mzigo wake. Alifungua kanga. Ndani mlikuwa na lile jiwe dogo la juu la kusagia, tunaloliita mtoto wa jiwe.

"Mwambie na mimi nimerithi," akasema. "Huyu alikuwa wa bibi yangu, akaja kwa mama, akaja kwangu. Yeye kiti, mimi jiwe. Mwambie nina mabinti wanne, na sitaki hata mmoja amrithi huyu."

Mgeni alilipokea kwa mikono miwili. Vidole vyake vikaangukia kwenye mabonde ambayo vidole vya wanawake watatu vilikuwa vimeyachimba. Hakulirudisha upesi.

Ambakisye akaweka kikombe chini. "Mpe karatasi asome, mama," akasema kwa upole. "Na nakala moja unipe mimi."

Mgeni alisema hawezi kuahidi mashine. Anaweza kuahidi kusema.

"Basi na asimame," akasema Mama Leokadia.

Mashine ilifika baada ya mavuno mawili. Kama ililetwa na maneno ya yule bwana au na barua za Ambakisye, sikujua, na Mama Leokadia hakujali. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akisikiliza ngurumo yake, kisha akanikabidhi mtoto wa jiwe. "Mabinti zangu wamepona," akasema. "Mrithi wewe." Hadi leo liko mezani kwangu, linakandamiza karatasi ninazoandika, zenye makosa, nami sizichani tena.

Mwanangu, najua unavyofuta na kuandika upya, kwa kuwa nami nilikuwa hivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Usilolijua, liseme hadharani mapema, kabla mtu mwingine hajalipia haya yako kwa magoti yake. Na ukijikuta umekalia kiti usichokitolea jasho, kiwe cha ofisi au cha ukoo, usikae kutafuta maneno yasiyo na dosari. Simama na uliyo nayo.

Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza na miguu isiyochoka kurudi ulikokosea, na magoti yako yabaki na nguvu za kumpigia Yeye.