Barua Saba za Zenón

Barua ya kwanza ya Zenón ilifika kijiji cha kilimani cha Chullpa Loma mwezi wa Septemba, mwaka ule vita vya Chaco dhidi ya Paraguay vilipoanza. Mama yake, Melchora, hakujua kusoma. Anacleto, mumewe, naye hakujua. Wakaipeleka kwa don Ruperto, mwimbishaji wa kanisa, mtu pekee kilimani pale aliyeweza kusoma Kihispania na kukigeuza kuwa Kikechua. Melchora alibeba jibini moja chini ya shali, maana kwa Ruperto hakuna aliyesomewa mikono mitupu.

"Baba na mama, shikamooni," Ruperto alisoma. "Mimi ni mzima. Huku hakuna mlima hata mmoja, ni miiba na vumbi tu. Maji tunagawiwa kikombe kimoja watu wanne. Mama, nikirudi nitalala ndani ya mfereji wetu, ng'ombe wanywe pembeni yangu. Baba, usimuuze yule dume mwekundu, hata mjomba akikubembeleza. Hilarión anayeniandikia barua hii anataka niseme kwamba yeye ni mzuri kuliko mimi. Msimsadiki, ana meno matatu."

Melchora alicheka mpaka akalia. Aliikunja karatasi akaitia katika mfuko wa sufu aliouning'iniza juu ya kitanda. Kufikia Juni ya mwaka uliofuata, mfuko ulikuwa na barua saba. Zote zililalamikia kiu, na zote zilimtania mtu.

Mwezi wa Agosti ikaja karatasi ya namna nyingine, iliyopigwa chapa na kugongwa muhuri. Siku hiyo Melchora alikuwa kitandani na homa ya wiki ya pili, hivyo Anacleto alikwenda peke yake. Alirudi jua likizama, akakaa kizingitini bila kuvua kofia.

"Anasemaje?" Melchora aliuliza.

"Ruperto hakuwepo. Atakuja mwenyewe kesho."

Ruperto akaja kweli. Alisimama miguuni pa kitanda, akaishika karatasi ile mbele ya uso wake, akasoma kwamba Zenón amehamishiwa jikoni, kwamba huko wanakula nyama kila Jumapili, kwamba karibu yao kuna mto. Melchora aliinuka akaketi. Siku ile akanywa supu bakuli zima. Ruperto aliondoka na jibini.

Tangu hapo barua zilikuja kila baada ya miezi miwili mitatu. Ruperto alizileta mwenyewe, akisema posta inazishushia kanisani. Mto ulikuwa haukauki, kapteni alimpenda Zenón kama mwanawe.

"Hatanii tena," Melchora alimwambia mumewe siku moja.

"Amekuwa mtu mzima, mama Zenón. Vita vinakomaza."

Novemba ikaja. Kule, aliyefiwa huandaa meza siku ya Watakatifu Wote, na huiandaa miaka mitatu mfululizo. Adhuhuri ya tarehe mosi marehemu huingia nyumbani kwake, hula, hupumzika, na adhuhuri ya kesho yake huondoka. Huokewa mkate wa umbo la mtoto, na mkate wa umbo la ngazi wa kupandia mbinguni. Huwekewa mabua ya vitunguu, mashimo yake yajae maji ya safari. Majirani huja kumwombea, na kila mwombaji hupewa mkate. Melchora alikwenda kuomba nyumba za watu wengine, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, akajisifu mbele ya wanawake wenzake: "Mimi mwaka huu sina meza. Mungu amenihurumia." Mwaka wa pili akasema vilevile. Wa tatu vita vilikuwa vimekwisha, na Ruperto alikuwa amesoma kwamba Zenón ni mfungwa Paraguay, anapalilia bustani ya padri na anangoja zamu ya kurudishwa. Melchora akaomba katika nyumba tano, akarudi na mikate tele kwenye shali.

Julai ya mwaka wa 1936 mwanamume aliyetembelea gongo alisimama uani. Alipotabasamu Melchora aliyaona meno yake matatu, akamjua kabla hajajitaja.

"Hilarión! Karibu, mwanangu. Mwenzako umemwacha wapi?"

Mtu yule aliacha kutabasamu. "Shikamoo, mama. Nimekuja kukupa pole. Najua nimechelewa, lakini ndiyo kwanza wametufungulia sisi wafungwa."

"Pole ya nini?"

"Ya Zenón."

"Zenón yuko njiani. Mnarudishwa kwa makundi, don Ruperto amesoma."

Melchora aliingia ndani, akautoa ule mfuko, akaumimina juu ya ngozi ya kondoo. Hilarión aliketi, akaanza kuzitenga karatasi.

"Hizi saba ni mkono wangu," alisema. "Hii ni tangazo la ndoa ya watu wa bondeni. Hii, majina ya waliobatizwa. Hii ni ya sherehe ya mtakatifu, tena ya kabla ya vita." Akafika kwenye ile yenye muhuri, akaanza kuikunja tena.

"Soma."

"Mama..."

"Hiyo nimeshasomewa. Nimeambiwa inasema wanakula nyama kila Jumapili. Wewe soma unachokiona."

Akasoma. Ilikuwa mistari minne. Zenón Choque, askari wa miguu, amefariki tarehe tisa Julai 1933, akiitetea nchi.

"Aliteseka?"

Hilarión alifungua kinywa, na Melchora aliuona uongo ukija, akamwinulia kidole. "Wa kunidanganya ninao tayari."

"Risasi ilimpata tumboni," Hilarión alisema taratibu. "Aliishi siku mbili. Risasi haikumliza, mama. Alilia maji. Hatukuwa nayo."

Anacleto aliporudi kutoka shambani alimkuta mgeni uani, na karatasi zimetengwa mafungu mawili. Aliweka jembe chini.

"Ulijua," Melchora alisema.

"Ulikuwa na homa. Nilisema ukipona nitakwambia. Ukapona, ukawa unacheka. Nikasema baada ya mavuno. Halafu..."

"Na Novemba? Miaka mitatu, Anacleto. Alikuja nyumbani mara tatu. Alikula nini?"

"Nilimwekea majani ya koka na kibuyu cha pombe. Nyuma ya zizi."

"Mkate?"

"Ningeoka wapi usione?"

"Maji ulimwekea?"

Mzee aliyatazama mavumbi ya miguu yake. Hilarión aliinuka, akachukua gongo lake, akasogea mbali kwa heshima.

"Nyuma ya zizi," Melchora alisema. "Hata mpita njia tunamkaribisha uani."

Jumapili iliyofuata alimsubiri Ruperto mlangoni pa kanisa, watu wakisikia.

"Nilikupa faraja, Melchora," Ruperto alisema. "Mumeo aliniomba, nami nikakuhurumia. Miaka mitatu umelala usingizi mtamu."

"Nililala mimi. Yeye je?"

Wako waliosema Ruperto ameonewa, kwani uongo wa huruma si dhambi. Basi na wajiulize jibini zile alizichukua kwa ajili ya nini. Mwenye huruma ya kweli angekaa kitandani pa mgonjwa akalia naye. Lakini kulia na mtu kuna kazi, na kudanganya ni sentensi tatu tu. Wala Anacleto hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wake aliuita upendo mpaka mwenyewe akaamini.

Melchora hakumfukuza. Alimpikia, akamfulia, na hakumwita tena baba Zenón.

Novemba ilipokaribia alimwendea bibi anayeongoza sala. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alilolijua: miaka ni mitatu. Wa tatu marehemu huagwa, na mwaka wa nne haji tena. Unaweza kupanga meza, lakini utajipangia mwenyewe.

Kwa hiyo tarehe mosi Melchora hakuoka. Alijifunga shali, akazunguka nyumba zote zilizowahi kuwa na meza miaka ile mitatu. Aliomba kila mahali, mkate akaukataa, na kila mahali aliuliza swali moja: je, kuna dalili yoyote kwamba mwanawe alipita hapo? Maana asiyewekewa kwao hutangatanga akiombaomba kwa wengine. Wengine walimwonea haya. Wengine walisema hawakumbuki.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Eulogia, mjane wa upande wa pili wa kilima. Eulogia alimkalisha, akamshika mikono.

"Usijitese, dada. Sisi kila mwaka tunaacha pembe moja ya meza, tunaweka mkate na bua la maji. Ni kwa ajili ya roho zilizosahauliwa, zile zisizo na mtu. Zenón lazima alikula hapo. Alikunywa."

Alisema kwa wema, na Melchora alijua ni wema. Aliitazama pembe ile ya meza.

"Alikuwa na mama," alisema. "Nilikuwa hapo ng'ambo ya kilima tu."

Eulogia aliinuka. Akampisha, na Melchora akapiga magoti kwenye pembe ya wasio na mtu, akaanza sala.