Fumbo la Zizi la Mazengo

Gideoni alirudi siku mvua za kwanza ziliponyesha, mwaka wa pili wa vita ya Wazungu. Mama alikuwa akitwanga mbegu za nyasi za porini, maana mtama ulikwisha kwenda. Gideoni, jirani yetu aliyechukuliwa upagazi pamoja na baba, aliketi mlangoni.

"Mwenzio yuko wapi?" Mama aliuliza.

"Mwalimu amebaki Mlali, Mama Priska."

"Amebaki kufanya nini?"

"Amebaki."

Mama aliendelea kutwanga mpaka kinuni hamna kitu, na bado akatwanga.

Baba yangu, Sila, alifundisha watoto wa Kibakwe chini ya paa la nyasi lisilo na kuta. Tuliichukia hesabu mpaka alipoanza mafumbo ya majira. Wakati wa kupanda tulihesabu mashimo na mbegu. Wakati wa kuamia ndege, mawe ya kombeo. Kiangazi, ng'ombe wanaongoja zamu kisimani. Tulijibu kwa kupanga kunde mchangani. Kisha akatuagiza kila mtu aje na fumbo la kwao. "Mtoto hachoki kuhesabu cha nyumbani," alisema. Aliyewashinda wenzake alikalia kigoda cha Mwalimu, na wengine tukamwamkia shikamoo huku tukicheka.

Mavuno ya mwaka ule, habari zilifika kwamba askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, wanakusanya nafaka ya vita. Wazee walichimba mashimo mazizini, wakafukia mtama, wakatandaza samadi juu na kurudisha ng'ombe. Mtama ule ndio uliokuwa wa kutufikisha mavuno mengine, pamoja na mbegu.

Asubuhi yake Ruthu, binti wa Mzee Mazengo, alisimama darasani. "Zizi letu lina ng'ombe juu na mtama chini. Jana viliingia vikapu sita, leo vinne. Ng'ombe wanalalia vikapu vingapi?"

Baba alicheka. Halafu akashusha sauti. "Fumbo zuri, mwanangu. Ila hilo ni letu sisi tu."

Shaushi, mkubwa wa askari hao, alikuja nao, wakapekua nyumba wakakuta vilindo vya nafaka vitupu. Akamfuata baba darasani.

"Mwalimu, mtama uko wapi?"

"Mwaka huu haukuzaa, bwana."

Baba hakuwa mtu wa uongo. Namwombea kwa Mungu hata leo kwa neno hilo moja.

Shaushi hakufoka. Aliziona kunde mchangani, akachuchumaa kati yetu, akatoa kipande cha sukari guru. "Nasikia ninyi ni mabingwa wa mafumbo. Atakayenishinda hii ni yake."

Baba alisema, "Watoto, nendeni nyumbani."

"Kaeni!" Shaushi akatabasamu. "Au mwalimu wenu anaogopa mtashindwa?"

Ruthu hakuweza kuvumilia. Alilitoa fumbo lake lote. Shaushi akahesabu vidole, akakuna kichwa. "Nane?"

Tukaangua kicheko. "Kumi! Shaushi hajui kujumlisha!"

"Kweli, nimeshindwa," alisema, akampa Ruthu sukari yake. Kisha akawaamuru askari wachimbe mazizi yote.

Baba alilazwa chini mbele yetu. "Hesabuni," Shaushi alituambia, "si mnajua?" Tulihesabu viboko kwa sauti, tukilia. Mmoja wetu aliporuka namba, walianza upya. Baba mwenyewe, uso mchangani, alitusaidia kuhesabu ili tusikosee tena. Kisha wakamtwisha mtama wa Mazengo, yeye na Gideoni na wengine, shingo zikiwa zimefungwa kamba moja. Gideoni anasema mgongo wa baba ulioza njiani, homa ikamla, na karibu na Mlali akaanguka na mzigo wake. Mzigo alipewa mwingine.

Ruthu hakuifikia mvua ile. Njaa ilimchukua kabla ya Gideoni kurudi.

Mboga za porini zilipoota tukapata nguvu ya kutembea. Mama alipita nyumba kwa nyumba kuomba watu waje tumzike Mwalimu kwa maombi. Wengine hawakufungua. Mzee Mazengo alifungua.

"Mama Priska, nami nina fumbo la majira haya. Watoto wangu walikuwa wanne. Toa Ruthu. Wamebaki wangapi?"

"Mzee, nakuomba..."

"Jibu! Wewe ni mke wa mwalimu."

"Watatu, baba."

Akafunga mlango.

Tulikwenda Mlali watatu tu, Mama, Gideoni na mimi. Gideoni alituonyesha rundo la mawe kando ya njia, pale wapagazi walipomfunika baba. Mama alitaka kuacha kunde za darasani pale, lakini tulikuwa tumekwisha kuzila. Tulisema Sala ya Bwana. Gideoni akaongeza mawe upande ambao fisi walikuwa wamechimba. Mama akaniambia nimuage baba, nikamwambia kwaheri. Kisha tukashika njia ya Kibakwe.